Saa za Daraja la Kamurugu

Siakago,
3 Februari 2025

Baba mpendwa,

Assalaam alaykum. Naanza kwa salamu, ingawa sijui utazipokea kwa uso gani.

Nimekupigia simu mara tisa tangu niondoke nyumbani. Mara saba haikushikwa. Mara mbili alishika Mama, akasema uko buchani. Zamani ulikuwa ukituambia sisi watoto kwamba mtu mwenye neno zito aliandike, basi naandika. Salesio, dereva wa gari la mizigo linaloenda Meru kila Jumatatu na Jumatano na kurudi kesho yake, amekubali kukuletea barua hadi dukani.

Najua hukufurahia nilipokataa ile kazi ya kufundisha hapo Meru. Siku ya kuondoka nilikuaga mara mbili, na mara zote mbili uliendelea kufunga kamba ya sanduku langu kana kwamba hapakuwa na mtu nyuma yako. Nililia hadi Embu, Baba. Abiria mwenzangu aliniuliza nimefiwa na nani.

Ngoja nikueleze kazi yenyewe, labda utaona sikukimbilia upuuzi. Kilomita nne kutoka hapa kuna daraja la zege liitwalo Kamurugu, lililonizidi umri. Wakulima wote wa ng'ambo hulipita wakileta majani ya muguka na ndengu sokoni. Ofisi yetu imelifungia vitambuzi kumi na viwili visivyo na waya, kila kimoja kama kipande cha sabuni. Lori likipita daraja hutikisika, kidogo sana, na kila kitambuzi huandika mtikisiko wa mahali pake na kuutuma kwa redio kwenye sanduku lililo ukingoni. Daraja zima lina namna yake ya kutikisika. Likianza kuharibika, namna hiyo hubadilika kabla jicho halijaona ufa.

Shida kubwa ni saa. Kila kitambuzi kina saa yake ndani. Ili nijue kama ncha moja ilishuka wakati katikati inapanda, lazima saa zote kumi na mbili zikubaliane hadi kwenye sehemu ndogo za sekunde. Sanduku la ukingoni huzitangazia saa yake kila dakika, nazo hujirekebisha. Joto la huku Mbeere huzivuruga, na mimi ndiye nimeajiriwa kuhakikisha hazivurugiki.

Nimepanga chumba kwa mama mmoja anayeitwa Mukami, muuza ndengu. Ni mkarimu.

Ukiwa na nafasi, nipigie.

Mwanao,
Nadhira

*

Majengo, Meru,
11 Februari 2025

Nadhira mama,

Wa alaykum salaam. Barua yako imefika na vumbi la huko na harufu ya magunia. Nimeisoma mara tatu. Mara ya tatu niliisoma kwa sauti, mama yako akaja mbio kuniambia nisipige kelele, ana wageni.

Kuhusu simu: hii yangu imezeeka, inakoroma tu. Usipige. Andika. Mwandiko wako ni mzuri kuliko wa mwalimu wangu wa darasa la saba, na karatasi mtu anaweza kuirudia.

Mambo ya siku ile ya kuondoka tuyaache.

Nimefikiria sana juu ya daraja lako. Mtu wa ng'ambo akiugua, anapita hapohapo kwenda hospitali? Mama mjamzito naye? Kama ni hivyo, hiyo si kazi ya upuuzi na sijawahi kusema ni ya upuuzi. Nilisema tu iko mbali.

Nakutumia kopo la nyirinyiri. Nyama ni ya ng'ombe niliyemnunua Kanyakine, nimeikata nyembamba kwa mkono wangu na mama yako ameikaanga. Usiliache juani. Mpe na huyo mama mwenye nyumba.

Babako,
Idrisi

*

Siakago,
10 Machi 2025

Baba,

Ramadhani karimu. Hii ni barua ya mtu aliyeaibika, kwa hiyo isome ukiwa peke yako.

Wiki mbili zilizopita vitambuzi viliniambia kwamba ncha moja ya daraja inapanda wakati sehemu iliyobaki inashuka. Daraja lisilo na hitilafu halifanyi hivyo. Nilishtuka, nikampigia Injinia Misheck, mkubwa wangu aliyeko Embu mjini, na daraja likafungwa. Lilifungwa siku mbili, na moja ya siku hizo ilikuwa siku ya soko. Muguka wa watu ulinyauka kwenye magunia ng'ambo ya mto. Mama mmoja alivuka majini na mtoto mgongoni, maji yakimfika kiunoni.

Daraja lilikuwa zima, Baba. Waya wa antena ulikuwa umelegea kwa joto, na vitambuzi vitatu vya ncha hiyo vilikaa siku nzima bila kusikia saa ya sanduku. Saa zao zikateleza karibu nusu sekunde. Ukisikia nusu sekunde utasema si kitu, lakini daraja hupanda na kushuka mara tatu ndani ya sekunde moja. Mimi nilikuwa nalinganisha mtikisiko wa sasa na mtikisiko uliopita, kisha nikawaambia watu daraja lao linaanguka.

Sasa nikipita sokoni wananiita "Mama Saa". Mukami hanisemeshi. Ndengu zake zilinyeshewa kule ng'ambo, zikaanza kuota. Asubuhi ananiachia maji ya kuoga mlangoni na kuondoka. Nafuturu peke yangu.

Siku ya kwanza ya mfungo nilikupigia ingawa ulinikataza, kwa sababu nilitaka kusikia sauti yako tu. Ulishika. Nilikuuliza, "Baba, umenisamehe?" Ukajibu, "Alhamisi." Kisha ukasema "haya, haya" na kukata.

Kama ulikuwa unanidhihaki, nimestahili. Lakini sitakuficha kwamba imeniuma.

Nadhira

*

Majengo,
13 Machi 2025

Mwanangu Nadhira,

Mimi ni mama yako naandika, na wewe unajua mimi si mtu wa kuandika. Nimefunga mlango wa jikoni. Babako amelala kidogo kabla ya alasiri.

Barua yako ya juzi ameisoma akakaa nayo kwenye kiti mpaka chai ya futari ikapoa. Nikaichukua nikaisoma. Sasa nisikilize. Baba yako hakukudhihaki. Hajakukasirikia hata siku moja. Baba yako hasikii.

Ilianza mwaka juzi na sikio la kushoto, tukasema ni nta. Sasa hata la kulia linapotea. Ile siku ya sanduku hakukusikia, wallahi, alikuwa amekupa mgongo. Aligeuka akakuta umeshaingia garini, akaniuliza, "Mbona ameondoka bila kuniaga?" Hata yeye aliumia.

Dukani mtu anaagiza maini anakatiwa mbavu. Siku hizi amewaambia wateja waonyeshe kwa kidole, eti ndiyo wapate kipande wanachotaka. Abubakr, binamu yake wanayefanya naye kazi, anajua na amenyamaza. Ulipopiga simu alidhani unamwuliza gari la Salesio linarudi lini. Ndiyo akasema Alhamisi. Alifurahi sana, akaniambia, "Nimeongea na Nadhira."

Nikimwambia twende hospitali anasema Ramadhani iishe. Ikiisha atasema mvua iishe. Anaona haya. Anaogopa wakijua watasema mzee wa bucha amekwisha.

Usimwambie kama nimekuambia. Ataona nimemvua nguo.

Futuru vizuri. Tende ziko ndani ya soksi, nimeficha zisidondoke.

Mama yako,
Mwanatatu

*

Siakago,
17 Machi 2025

Baba yangu,

Nisamehe kwa maneno ya mwisho ya barua yangu iliyopita. Niliandika nikiwa na njaa na hasira, na zote mbili zilikuwa zangu. Simu huku pia inakoroma. Sitapiga tena. Barua zako nimeziweka chini ya mto wa kulalia, na kweli, karatasi mtu anaweza kuirudia.

Nataka ushauri wako, na sikuulizi kwa heshima tu. Nimekwama.

Tangu Alhamisi kitambuzi cha kumi, kilicho kwenye ncha ya mashariki, kinasema jambo jipya. Lori likipita, ncha hiyo inashuka zaidi ya zingine na inachelewa kurudi. Antena niliifunga upya mwenyewe. Nilimpigia Injinia Misheck.

"Ni saa tena," akasema. "Zirekebishe tuendelee."

"Nimezirekebisha, Injinia. Mara mbili."

"Nadhira, tukilifunga lile daraja kwa uongo mara ya pili, hawatakusikiliza tena, wala mimi hawatanisikiliza. Niletee kitu ambacho hakitegemei hizo saa."

Si mtu mbaya. Ana haki. Lakini nitapata wapi kitu hicho? Kila ninachojua kuhusu daraja nakijua kupitia saa hizohizo. Nikiziamini nikakosea, watu watavuka tena majini. Nikizipuuza nikakosea, mvua ya masika imeshaanza juu mlimani, na malori ya ndengu ni mazito.

Rwamba, mlinzi wa daraja, anasema haoni ufa wowote. Mimi pia siuoni.

Baba, ungekuwa wewe ungefanyaje?

Mwanao,
Nadhira

*

Majengo, Meru,
22 Machi 2025

Nadhira mama,

Hakuna mtu aliyeniuliza ushauri tangu mwaka uanze. Nimevaa miwani na kukaa vizuri.

Mimi sijui redio. Najua mizani. Mwaka ule tulipoongeza mizani ya pili dukani, mteja mmoja alipima kwa Abubakr, akaja kupima kwangu, zikatofautiana. Abubakr akasema yangu imeharibika, nami nikasema ni yake. Tulibishana hadi adhuhuri. Mwishowe nilikata kipande kimoja cha paja, nikakiweka kwenye mizani yake, nikakitoa na kukiweka kwenye yangu. Nyama ni ileile. Kilichobaki kutofautiana ni mizani, si nyama. Tukajua zinapishana kwa kiasi gani, na tukaendelea kuzitumia siku ile kwa kutoa kile kiasi kwenye ile iliyozidi.

Je, hakuna kitu kimoja unachoweza kuvipa vitambuzi vyako vyote kwa mara moja? Kitu ambacho unajua kwa macho yako kilitokea mara moja tu? Pengine nasema ujinga.

Jambo lingine. Nilisema tuyaache ya siku ya kuondoka, lakini nimeona yamekaa kati yetu. Sikukukasirikia. Niliogopa. Mtu anapozeeka anataka watoto wakae mahali anapoweza kuwaona. Sababu zingine nitakuambia siku nyingine.

Kuhusu kule kufunga daraja bure: mimi nimewahi kumwuzia bwana harusi nyama pungufu kwa mizani mbovu, mbele ya wakwe. Nilirudi nayo iliyobaki nikaomba msamaha. Wanakuja dukani hadi leo. Rudi tu kwa watu.

Babako,
Idrisi

*

Siakago,
1 Aprili 2025

Baba yangu,

Idd mubarak. Nilitaka kuja nikashindwa, na ukisoma utaelewa.

Barua yako ilifika Jumanne iliyopita. Nilipofika pale pa kipande cha paja nilisimama. Jirani aliniona nikicheka peke yangu uani na bahasha mkononi.

Nyundo, Baba. Ukipiga zege nyundo moja nzito katikati ya daraja, mshtuko huo unafika kwa vitambuzi vyote karibu papo hapo. Ni mshtuko mmoja. Saa zikiandika nyakati tofauti, najua kila moja imepotoka kwa kiasi gani, naondoa kiasi hicho, kisha naangalia lori. Sihitaji kuziamini.

Ijumaa asubuhi nilienda na Rwamba na nyundo ya kuvunjia mawe. Kwanza nilipita kwa Mukami, kibandani kwake sokoni. Nilikuwa nimepanga maneno mengi. Nikasema tu, "Mama, ndengu zako ziliota kwa makosa yangu. Nakuomba msamaha. Na leo naenda kupima tena."

Aliendelea kupepeta. Kisha akasema, "Naja kuona."

Alikuja na nusu ya soko. Walijipanga ukingoni kama watu wa mechi. Mmoja akaita, "Mama Saa, leo ni saa ngapi?" wakacheka wote. Rwamba alipiga nyundo mara tano. Likapita lori. Akapiga tena tano, ili nijue kama saa zimeteleza kati ya mwanzo na mwisho. Tulifanya hivyo kwa malori sita, na ilipofika la nne hakuna aliyekuwa anacheka. Mzee Rwamba shati lilikuwa limeloa, akakataa kupokewa nyundo.

Nilikaa chini ya mti wa mgunga na kompyuta mapajani. Saa mbili kati ya zile kumi na mbili za vitambuzi zilikuwa zimepotoka kidogo. Nikaziondolea kile kiasi. Saa ya kitambuzi cha kumi ilikuwa sahihi kabisa. Na ncha ya mashariki ilikuwa bado inashuka na kuchelewa, lori la kwanza hadi la sita.

Mukami alikuwa amesimama juu yangu. Akauliza, "Una hakika?"

Nikasema, "Nina hakika."

Hakuniuliza mara ya pili. Aligeuka akawaambia watu kwa Kimbeere jambo refu ambalo sikulielewa lote, nikasikia tu jina langu, si lile la utani. Waliokuwa na magunia ng'ambo wakaanza kuyapitisha kwa mikono, mtu mmoja mmoja, kabla hata mtu wa serikali hajafika na kizuizi.

Injinia Misheck alifika saa nane na ngazi. Alipanda mwenyewe chini ya ncha ya mashariki na tochi. Alikaa huko muda mrefu. Aliposhuka alikuwa na kipande cha mpira mweusi mkononi, kimechanika kama kandambili kuukuu. Kilikuwa cha lile pedi la mpira ambalo boriti hulalia. Pedi lilikuwa limechomoka, boriti inasaga nguzo, na nyuma yake kuna ufa unaoingia kidole, upande ambao hakuna anayeuona kutoka juu.

Akaniambia, "Samahani, Nadhira." Mbele ya watu wote.

Jumapili mto ulijaa. Boriti ilishuka upana wa kiganja na kukaa hapo. Daraja halikuanguka, lakini kama lori la ndengu lingekuwa juu yake sijui ningekuandikia nini leo. Hapakuwa na mtu juu yake, Baba. Hata mmoja. Idd nimeshinda nikiwa na koti la mvua, nikiwaonyesha mainjinia wa kutoka Embu pa kukanyaga, na Mukami akaniletea pilau ndani ya kopo lako la nyirinyiri. Alikuwa ameuliza mwanamke mmoja wa Kiislamu sokoni jinsi inavyopikwa. Chumvi ilizidi. Nimeimaliza yote.

Wa upande ule sasa wanazunguka kwa njia ndefu, na mgonjwa akipatikana kuna gari la zamu linalosubiri ng'ambo. Matengenezo yataanza mto ukipungua.

Nimemwambia Injinia wazo la nyundo lilikuwa la nani. Akauliza baba yako ni injinia wa wapi. Nikamwambia, wa Majengo.

Mwanao,
Nadhira

*

Majengo, Meru,
5 Aprili 2025

Nadhira mama,

Barua yako imebandikwa dukani ukutani, karibu na leseni. Abubakr anawasomea wateja. Nimemwambia aruke pale pa chumvi.

Sasa nikuambie zile sababu zingine. Nimeanza karatasi hii mara nne.

Siku ya Idd tuliswali uwanjani. Unajua swala ya Idd ina takbiri za ziada, imamu anazisema na watu wanainua mikono tu. Mimi nilikuwa nafuata kwa kuangalia bega la jirani. Jirani akakohoa, akainama kidogo, nami nikadhani imamu amerukuu. Nikainama. Nilibaki nimeinama peke yangu katika safu nzima, na sikujua hadi nilipoona miguu ya wenzangu imenyooka.

Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka. Baada ya swala walinishika mkono taratibu, kama mtu aliyefiwa.

Masikio yangu yamekwisha, mama. La kushoto limekufa, na la kulia naona limo njiani. Simu haikoromi. Nilikudanganya. Ile siku uliyoondoka sikukusikia ukiniaga, na nilikaa wiki nzima nikidhani ni wewe uliyenisusa. Nilipenda uandike kwa sababu katika barua mimi ni mzima. Nasikia kila neno.

Nimekuwa mtu wa kutikisa kichwa na kusema "haya, haya". Nimechoka. Nataka kwenda kwa daktari wa masikio, lakini sitaki kwenda na mama yako, kwa sababu nitalia na yeye atalia na daktari hataweza kufanya kazi. Abubakr atasema maneno mengi. Nataka kwenda na wewe.

Ninaogopa ataniuliza jambo nami nijibu lingine, mbele yako.

Babako,
Idrisi

*

Siakago,
9 Aprili 2025

Baba yangu mpenzi,

Nilijua. Nimejua tangu katikati ya Machi, na nilinyamaza kwa sababu nilitaka unieleze wewe mwenyewe. Aliyenidokeza alifanya hivyo kwa mapenzi, kwa hiyo usimkasirikie, na mwache amalize chai yake.

Injinia Misheck amenipa ruhusa ya siku tatu. Kuna daktari wa masikio Embu mjini, anatungoja Jumanne tarehe kumi na tano saa nne asubuhi. Nimemweleza kila kitu. Amesema huenda kifaa kikasaidia sikio la kulia, la kushoto hawezi kuahidi. Nakuambia kama alivyoniambia. Sitaki kukupa matumaini kuliko yaliyopo.

Nitakuja Meru Jumatatu tuondoke pamoja. Nitakaa upande wako wa kulia. Daktari akiuliza, nitakugeukia ili uone mdomo wangu, na nitarudia swali polepole, na hatuna haraka ya kumjibu mtu yeyote. Ukijibu jambo lingine, basi tutakuwa tumejibu jambo lingine, na dunia haitaanguka. Neno likikupotea usitikise kichwa. Nishike mkono tu. Nitalirudia. Nitalirudia hata mara kumi, hata watu wakigeuka kututazama, hadi ulipate.

Mwanao,
Nadhira